Kunadi Mswada Kwenye Kongamano la Waandishi wa Hadithi za Kutisha: Maandalizi ya Anayekwenda Mara ya Kwanza

Mwandishi wa hadithi za kutisha au za taharuki anayetafuta wakala (mtu anayemtafutia mwandishi mchapishaji) au mchapishaji nchini Marekani ana makongamano mawili makubwa ya kuyafikiria kwanza, na asiyachukulie kuwa kitu kimoja. StokerCon huandaliwa na Horror Writers Association, chama cha waandishi wa hadithi za kutisha, na tangu lilipoanza Las Vegas mwaka 2016 limekuwa likihama kutoka mji hadi mji. Mwaka 2017 lilifanyika ndani ya Queen Mary, meli kuukuu iliyoegeshwa Long Beach, California, ambayo inasifika kwa mizimu. ThrillerFest ni la International Thriller Writers, chama cha waandishi wa hadithi za taharuki. Lilianza Arizona mwaka 2006, kisha likahamia New York. Ikiwa mswada wako una jini, mzimu au maiti isiyotulia kaburini, nenda StokerCon. Ikiwa unahusu jasusi, mpelelezi au karani wa benki anayewindwa na wauaji, nenda ThrillerFest. Riwaya iliyochanganya yote inaweza kwenda kokote, ila piga hesabu ya malazi kwanza, kwa kuwa hoteli za New York hazina huruma.

Jiandikishe mapema, kwani ada hupanda kadiri siku zinavyokaribia, na vyumba ambavyo waandaaji wamepatana bei na hoteli huisha haraka. Anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala aanze na viza kabla ya tiketi ya ndege: asome masharti ya ubalozi yaliyopo wakati huo, awaombe waandaaji barua inayothibitisha kwamba amejiandikisha, na asilipie chumba kisichorudishiwa fedha mpaka pasipoti iwe imerudi mkononi. Anayeishi Marekani tayari ana nafuu ya kuchangia chumba na mwenzake.

Kazi yenyewe iko kwenye kunadi mswada. Makongamano yote mawili huwakutanisha waandishi na mawakala na wahariri ana kwa ana, kwa dakika chache tu kila mmoja. Nafasi hizo huwa na utaratibu wake wa kujiandikisha, kwa hiyo usisubiri ufike ukumbini ndipo uulize. Kabla ya kuomba nafasi, hakikisha kwamba riwaya imekamilika mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu wakala akivutiwa ataitaka yote. Ikiwa umeiandika kwa Kiswahili, uwe na tafsiri ya Kiingereza ya sura za mwanzo angalau, iliyopitiwa na mtu mwenye Kiingereza cha kitabu, na useme wazi kwamba zilizobaki bado hazijatafsiriwa. Taja urefu kwa idadi ya maneno, kwa mfano maneno 85,000, kwa maana kule hakuna anayehesabu kurasa.

Tuchukue mfano. Tuseme mswada wako unahusu mlinzi wa usiku kwenye shamba la mkonge lililofungwa karibu na Korogwe. Mwandishi asiyejiandaa ataketi mbele ya wakala na kuanza hivi: «Riwaya yangu inahusu maisha, ushirikina na historia ya manamba waliotoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge wakati wa ukoloni, na inamfundisha msomaji kwamba…» Kufikia hapo wakala ameshatazama saa. Aliyejiandaa atasema: «Mlinzi wa usiku kwenye shamba lililofungwa anagundua kwamba kila alfajiri kadi za kazi za vibarua waliokwisha kufa zimeongezwa alama ya siku moja. Usiku mmoja anakuta kadi yenye jina lake, na zimebaki siku tatu ijae.» Kisha ananyamaza.

Maneno hayo machache yamebeba mtu, mahali, jambo lisilo la kawaida na muda unaokwisha, na yote yanaonekana kwa macho. Angalia pia kwamba sikutumia neno kipande. Msomaji wa Tanga ataelewa mara moja kwamba kipande ni ile kadi ya siku 30 za kazi, lakini wakala wa New York ataanza kuuliza, na dakika zako zitaishia kwenye somo la historia. Neno lenyewe lihifadhi kwa ajili ya riwaya. Jini ni jambo jingine: huyo mwache aitwe jini, useme anafanya nini, anataka nini na nani anamwogopa. Kumtambulisha kama «mnyonya damu wa Kiafrika» ni kumvua nguo zake na kumvisha za kuazima zisizomkaa.

Jizoeze kwa sauti ukiwa na saa ya simu, mbele ya mtu asiyejua hadithi yako, kisha umwombe akusimulie alichosikia. Mara yangu ya kwanza, katika kongamano ambalo sitalitaja, niliruka hatua hiyo. Nilimweleza mhariri ukoo mzima wa mhusika mkuu, na muda ulipokwisha nilikuwa bado sijafika kwenye kifo cha kwanza. Uwe tayari pia kutaja vitabu viwili vya miaka ya karibuni vitakavyokaa rafu moja na chako, kwa maana swali hilo huulizwa mara nyingi. Usimkabidhi mtu mswada uliochapwa. Hakuna anayetaka kubeba karatasi za watu 20 kurudi nyumbani.

Kuhusu ratiba, chagua vikao viwili au vitatu kwa siku na uache nafasi katikati. StokerCon ina mijadala ya majopo, usomaji wa hadithi, warsha za uandishi na hata kongamano dogo la wanazuoni lililopewa jina la Ann Radcliffe, mwandishi Mwingereza wa zamani wa riwaya za kutisha, na anayetaka kuhudhuria vyote ataishia kusinzia kwenye kile kilichomleta. Wakati wa maswali uliza swali, usihutubie. Mashabiki wa Marekani wana kanuni ya zamani ya makongamano: angalau saa tano za usingizi, milo miwili na kuoga mara moja kwa siku. Mtu wa pwani atashangaa kwamba hilo la tatu lilihitaji kutungiwa kanuni, lakini hayo mawili ya kwanza ayazingatie kweli.

Mazungumzo mengi yenye faida hufanyika jioni, kwenye baa na ukumbi wa mapokezi wa hoteli. Usiyekunywa pombe huna sababu ya kujifungia chumbani. Agiza kahawa au soda, kaa na kundi, na ulizia wanachoandika wao kabla ya kutaja chako. Ukimwona wakala anakula, mwache ale.

Usiku wa tuzo za Bram Stoker, tuzo za hadithi za kutisha zilizopewa jina la mwandishi wa Dracula, usiukose ikiwa umefika StokerCon. Tuzo hizo zilianza kutolewa kwa kazi za mwaka 1987, na kwa makusudi hazisemi «bora kuliko zote» bali «mafanikio ya hali ya juu», kwa kuwa waanzilishi hawakupenda kuwashindanisha wenzao. Sanamu yenyewe ni nyumba ndogo yenye mizimu. Mlango wake hufunguka, na ndani kuna kibao chenye jina la kazi na la mwandishi wake. Ukiketi karibu na mshindi, mwombe kwa adabu akufungulie.

Ukirudi, usilale juu ya mafanikio. Ndani ya wiki mbili mwandikie kila aliyeomba kurasa zako: kwenye kichwa cha barua pepe taja jina la kongamano na la riwaya, katika sentensi ya kwanza mkumbushe mlichozungumza, kisha ambatisha idadi ileile ya kurasa aliyoitaja. Aliyeomba kurasa 50 apelekewe 50, hata kama ya 51 ndiyo yenye maiti.