Huế kwa siku mbili: namna ya kuzuru ngome, mapagoda na makaburi ya wafalme wa Vietnam

Wageni wengi hufika Huế kwa ziara ya siku moja wakitokea Da Nang, na jioni hurudi wakiwa wameona kuta, ngazi na umati wa watu. Mji huu haufai kuonwa kwa mtindo huo. Ulikuwa makao ya ukoo wa Nguyễn, wafalme 13 waliotawala kuanzia 1802 hadi 1945, na kila kitu kilijengwa kwa utaratibu: mlango upi ni wa nani, paa lipi liwe la rangi gani, kaburi lielekee wapi. Ukiujua utaratibu huo kabla ya kuingia, majengo yatakueleza mengi. Mwongozo huu ni wa siku mbili kamili, yaani ufike jana yake na uondoke siku ya tatu.

Kabla ya safari

Tangu Agosti 15, 2023 viza ya mtandaoni ya Vietnam iko wazi kwa raia wa nchi zote, kwa muda usiozidi siku 90. Ada ni dola 25 kwa kuingia mara moja na dola 50 kwa kuingia mara nyingi, na hairudishwi ukikataliwa. Wanaopata shida zaidi ni wenye majina matatu au manne: andika majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule. Jina la babu likikosekana kwenye viza, unaweza kuzuiwa kwenye kaunta ya ndege kabla hata hujaondoka nyumbani.

Kutoka Da Nang hadi Huế ni kama kilomita 100. Gari hupita kwenye handaki la Hải Vân na kufika kwa saa mbili hivi. Treni huchukua kama saa tatu, lakini huzunguka mlima kandokando ya bahari, na kwa hiyo tunashauri treni. Ukielekea Huế, bahari itakuwa kulia kwako. Omba kiti cha dirishani upande huo.

Msimu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Desemba, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mafuriko. Juni hadi Agosti joto hukaribia nyuzi 40, na viwanja vya ngome havina kivuli. Nenda Februari hadi Aprili ukiweza, ila epuka wiki ya mwaka mpya wa Kivietnam (Tet), maana usafiri hujaa na maduka mengi hufungwa.

Tiketi zinunue dirishani. Kwa bei za miaka ya karibuni, ngome ya mfalme ni dong 200,000 kwa mtu mzima, na kila kaburi kati ya yale matatu makubwa (Khải Định, Minh Mạng na Tự Đức) ni dong 150,000. Kuna tiketi ya pamoja: ngome na makaburi mawili kwa 420,000, au ngome na makaburi yote matatu kwa 530,000, nayo hutumika kwa siku mbili. Ukilipa moja moja, sehemu zote nne zingekutoka 650,000. Bei hubadilika, kwa hiyo soma bango kwanza. Mapagoda, yaani mahekalu ya Kibudha, hayana kiingilio. Tena angalia noti zako vizuri: ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na mgeni mwenye haraka hulipa ya laki tano kwa chupa ya maji. Tenganisha noti kubwa na ndogo kwenye mifuko miwili.

Siku ya kwanza asubuhi: ngome

Ngome ina tabaka tatu, moja ndani ya nyingine. Ukuta wa nje, Kinh Thành, una mzunguko wa kilomita 10 na malango kumi, na watu wanaishi ndani yake hadi leo. Ndani yake kuna Hoàng Thành, mji wa mfalme, wenye ukuta wa kilomita mbili na nusu na malango manne. Ndani kabisa ni Tử Cấm Thành, makazi ya mfalme na jamaa zake. Kwa sababu hiyo, kumwambia dereva “nipeleke ngomeni” hakutoshi. Anaweza kukushusha lango lolote. Mwonyeshe kwenye simu maneno haya: Ngọ Môn, jina la lango la kuingilia wageni. Fika lango linapofunguliwa, saa 12:30 asubuhi wakati wa kiangazi chao au saa 1:00 wakati wa baridi. Kuanzia saa 4 mabasi ya Da Nang huanza kumwaga watu.

Kabla ya kuingia geuka utazame mnara wa bendera wa 1807 ulio mbele ya lango. Dakika tano zinatosha.

Ngọ Môn ndilo lango la kusimama na kulitazama. Lilijengwa 1833 wakati wa mfalme Minh Mạng, na lina njia tano. Ya katikati ni ya mfalme peke yake. Mbili za kando yake ni za maofisa, na mbili za pembeni kabisa, zilizojificha kwenye mabawa ya jengo, ni za askari, farasi na tembo. Sasa inua macho. Juu ya lango kuna jumba la nguzo 100 lenye mapaa tisa. Paa la katikati limeezekwa vigae vya manjano na mengine yote ni ya kijani, kwa sababu manjano ilikuwa rangi ya mfalme. Ukishalijua hilo, utaweza kutembea ngome nzima ukijua hili lilikuwa la mfalme na lile la watumishi wake, bila kusoma bango hata moja. Panda ngazi ufike juu: mahali hapo ndipo Bảo Đại, mfalme wa mwisho, alipojiuzulu Agosti 30, 1945.

Ukivuka daraja unafika Thái Hòa, jumba la kiti cha enzi, la mwaka 1805. Lilifungwa miaka mitatu kwa ukarabati na kufunguliwa tena Novemba 2024, kwa hiyo nguzo zake 80 zinang’aa kwa wekundu na madragoni ya dhahabu. Kupiga picha ndani hakuruhusiwi. Usivuke kamba wala usiegemee kitu: Mei 2025 mtu mmoja alivuka akapanda kwenye kiti cha enzi na kuvunja mkono wa kiti hicho, ambacho ni hazina ya taifa.

Nyuma ya Thái Hòa wengi huvunjika moyo, kwa sababu wanakuta viwanja vitupu vyenye misingi ya majengo. Si kwamba umepotea njia. Sehemu kubwa ya Tử Cấm Thành iliteketea katika vita vya 1947, na mapigano ya Tet ya 1968 yakabomoa mengi yaliyobaki. Jumba kubwa la rangi nyingi mwishoni, Kiến Trung, limejengwa upya na kufunguliwa 2024. Linapendeza kwa picha, lakini usitumie muda mwingi hapo ukasahau upande wa magharibi.

Upande huo ndiko kuliko na Thế Miếu, hekalu la kuwakumbuka wafalme, na hapa utulie angalau nusu saa. Vua viatu, ingia taratibu. Kila madhabahu ni ya mfalme mmoja. Tatu kati yake ziliongezwa 1959: za Hàm Nghi, Thành Thái na Duy Tân, waliowapinga Wafaransa na kung’olewa madarakani. Hàm Nghi alipelekwa Algeria. Thành Thái na mwanawe Duy Tân walihamishiwa kisiwa cha Réunion, hapa kwetu Bahari ya Hindi, na Duy Tân alikufa Desemba 1945 kwa ajali ya ndege katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Msomaji wa Afrika ana sababu ya kusimama mbele ya picha hizo.

Nje yake, mbele ya jengo refu la Hiển Lâm Các, kuna vyungu tisa vya shaba vyenye miguu mitatu mitatu, vilivyosubuliwa kati ya 1835 na 1837. Kila kimoja kina uzito wa tani mbili hivi na michoro 17: milima, mito, miti, ndege, samaki, mashua, mizinga, vitu vyote vya nchi kama mfalme alivyoijua. Kile kilichosogezwa mbele ya vingine ni cha Gia Long, mwanzilishi wa ukoo. Asubuhi mapema au alasiri, mwanga ukija kwa ubavu, michoro huonekana vizuri. Saa sita huwezi kuiona.

Mara nyingi wageni huelekezwa kutokea lango la mashariki, Hiển Nhơn, si ulikoingilia. Mwambie dereva akusubiri huko, la sivyo utazunguka ukuta kwa miguu kwenye jua.

Alasiri: Thiên Mụ

Pagoda hii iko kwenye kilima kando ya mto Sông Hương, kama kilomita nne au tano magharibi ya mjini. Nenda kwa mashua urudi kwa gari, au kinyume chake. Ukikodi mashua patana bei ya chombo kizima, uulize kama inahusu kurudi na muda wa kusubiri, na umwonyeshe nahodha bei hiyo ikiwa imeandikwa kwenye simu. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Fika saa 10 jioni, joto likishapungua.

Pagoda ilianzishwa 1601 na Nguyễn Hoàng. Mnara wa Phước Duyên unaouona kwanza, wa pembe nane, ghorofa saba na urefu wa mita 21, uliongezwa 1844. Haupandwi, na wengi huupiga picha kisha wakaondoka. Usifanye hivyo. Kandoni mwa mnara kuna vibanda vyenye kengele kubwa ya 1710 na jiwe la maandishi la 1715 lililobebwa mgongoni na kobe wa marumaru. Pita ndani, vuka jumba kuu la ibada, endelea nyuma upande wa watawa, utakuta gari dogo la Austin la buluu. Ndilo lililompeleka mtawa Thích Quảng Đức kwenye njia panda ya Saigon Juni 11, 1963, alipojichoma moto kupinga ukandamizaji wa Wabudha. Watu husimama hapo kimya, nawe fanya hivyo.

Adabu za pagoda zote: funika mabega na magoti. Lango likiwa na milango mitatu, ingia wa kulia, toka wa kushoto, wa katikati uache. Ruka kizingiti, usikikanyage. Viatu vinabaki nje ya jumba la ibada. Ukikaa chini, nyayo zisielekee sanamu. Si lazima kuwasha ubani, na asiyetaka kwa sababu ya dini yake hatalaumiwa na mtu. Anayewasha atumie vijiti kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa kawaida kimoja au vitatu, na auzime mwali kwa kupunga mkono, asiupulize kwa mdomo.

Siku ya pili: makaburi

Kodi gari au pikipiki kwa siku nzima. Mpangilio wetu ni huu: Khải Định, halafu Minh Mạng, kisha Tự Đức, mwisho pagoda ya Từ Hiếu. Madereva wengi hupenda kuanza na Tự Đức kwa kuwa ni karibu, lakini watakufikisha Khải Định saa sita mchana. Hapo ni zege tupu jeusi lisilo na mti wa kivuli, na kuna ngazi 127 za kupanda.

Khải Định, kilomita kumi kusini mwa mji, lilijengwa kati ya 1920 na 1931. Nje linaonekana zito na la huzuni. Ndani, kuta zote zimejaa maua, ndege na matunda yaliyoundwa kwa vipande vya vyombo vya kaure na vya chupa. Aliyeona bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye kaburi la nguzo la Kunduchi atalielewa wazo mara moja, ila hapa hakuna hata shubiri ya ukuta iliyoachwa tupu. Sogea karibu uangalie kingo za vipande. Kisha tazama mwavuli ulio juu ya sanamu ya mfalme: mikunjo yake inaonekana ya kitambaa, kumbe ni zege.

Minh Mạng, kilomita 12 kutoka mjini, ni kinyume chake: maziwa, misonobari, na mstari mmoja ulionyooka wa mita 700 hivi kutoka lango hadi kaburini. Mlango wa katikati wa lango kuu ulifunguliwa mara moja tu, jeneza la mfalme lilipoingizwa 1841. Utapitia wa pembeni. Tembea mstari wote hadi mwisho. Wengi huishia ukumbi wa kwanza wakidhani wamemaliza. Ukuta wa mviringo mwishoni umefungwa, kaburi lenyewe haliingiwi.

Tự Đức alikaa hapa akiwa hai, na ndiyo maana kuna ziwa, banda la kutungia mashairi na jumba la maigizo. Hakuwa na mtoto, kwa hiyo aliandika mwenyewe maneno ya jiwe lake la kumbukumbu, lenye uzito wa tani 20 hivi. Vibarua waliochoshwa na ujenzi waliasi 1866. Kuna kivuli tele, panafaa mchana.

Từ Hiếu iko jirani. Matowashi wa ikulu waliichangia fedha kwa kuwa hawakuwa na watoto wa kuwazika, na makaburi yao yamo ndani ya ukuta wake. Thích Nhất Hạnh, mtawa na mwalimu wa Kibudha aliyejulikana duniani, alianza utawa hapa na akarudi kufia hapa Januari 2022. Hii ni nyumba ya watawa inayofanya kazi: punguza sauti na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Chakula

Supu ya mji huu, bún bò Huế, ina jina la ng’ombe lakini mara nyingi huwekwa kwato au nyama ya nguruwe, na mchuzi huungwa kwa uduvi uliochachushwa. Asiyekula nguruwe atafute bango lenye neno “chay”: ni chakula cha Kibudha kisicho na nyama wala mchuzi wa samaki, na Huế inasifika kwacho. Tarehe mosi na 15 za mwezi mwandamo watu wengi hula chay, hivyo chaguo huongezeka, lakini na mapagoda hujaa. Siku hizo nenda Thiên Mụ alfajiri, ngome uiweke alasiri.

Mvua kubwa ikitabiriwa, anza na ngome na makaburi siku ileile ukiwa bado na njia kavu, maana mto ukifurika sehemu hizo hufungwa. Koti la mvua la plastiki linafaa kuliko mwavuli, kwa sababu upepo wa kilimani Thiên Mụ huugeuza. Viatu viwe vya kuvulika bila kamba, na soksi za akiba ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.