Jinsi ya kuipata R Doradus ukiwa Mwanza, na cha kuangalia ukishaipata

Watu wengi wakianza kuangalia nyota wanakimbilia zile zinazowaka sana, wanaziona, wanafurahi siku mbili, basi. Mi nakushauri anza na moja hafifu, ambayo usipojua pa kuangalia utaipita tu. Inaitwa R Doradus, ni jitu jekundu, na sisi wa Mwanza tumekaa pazuri mno kwa nyota hii kwa sababu iko mbali kusini mwa anga. Mtu wa London haioni maisha yake yote, kwake haichomozi kabisa, wakati huku kwetu, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, inapanda mpaka nyuzi 30 hivi juu ya upeo wa macho, yaani theluthi ya njia kutoka ardhini hadi utosini.

Kabla ya kutoka nje ujue unatafuta kitu gani. R Doradus iko umbali wa miaka ya nuru kama 180. Uzito wake unakaribia wa Jua letu, ila umbo limevimba, kipenyo chake ni kama mara 350 ya kipenyo cha Jua. Ungeiweka pale Jua lilipo ingemeza Zebaki, Zuhura na Dunia, na Mirihi nayo isingekuwa salama. Imevimba kwa sababu ni nyota ya uzeeni: haidrojeni ya katikati kabisa imeshaisha, sasa inaunguza heliamu na haidrojeni kwenye matabaka yanayozunguka kiini, na nguvu hiyo inasukuma tabaka za nje ziende mbali mpaka zinapoa. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi, wa R Doradus hata nusu yake haufiki, ndo maana ni nyekundu. Jua letu nalo litapita hatua hii baada ya miaka kama bilioni tano, kwahiyo ukiitazama unaangalia uzee wa Jua.

Na hii ndo inanifanya niipende kuliko zote: ukiacha Jua, ni miongoni mwa nyota zinazoonekana pana zaidi kutoka duniani. Mwaka 1997 wanaanga walitangaza kwamba wameipima wakaikuta inaizidi hata nyota ya Betelgeuse, ambayo muda wote ndo ilikuwa inashikilia nafasi hiyo. Walipata kama sekunde 0.057 za pembe (hiki ni kipimo cha upana angani, siyo cha muda), ambayo ni sawa na kuitazama sarafu ya shilingi mia tano ikiwa kilomita mia moja kutoka ulipo. Kwa macho hatuwezi kuona upana huo, lakini mitambo ya redio ya ALMA kule jangwa la Atacama nchini Chile iliipiga picha mwaka 2023, na mwaka 2024 zikatolewa zikionyesha mapovu ya gesi ya moto yanapanda na kushuka usoni mwake, povu moja ukubwa wake mara 75 ya Jua zima, na yanabadilika ndani ya mwezi mmoja hivi. Ilikuwa mara ya kwanza mwendo wa mapovu hayo kuonwa waziwazi hivyo kwenye nyota isiyo Jua.

Sasa tutoke nje.

Muda mzuri ni Januari na Februari, pale vuli imeshapungua na masika haijaanza. Katikati ya Januari inafika juu kabisa kama saa nne kasoro robo usiku, mwanzoni mwa Februari ni saa tatu kasoro dakika ishirini, kila siku inawahi kwa dakika nne, kwahiyo mwishoni mwa Februari giza likishaingia tu ikamate haraka maana imeanza kushuka. Mwezi uwe haupo. Hapa wanaokaa mwaloni hawana haja ya kalenda, wavuvi wa dagaa wakiingia ziwani kwa wingi ujue ni giza, wakianika nyavu ni mbalamwezi na wewe kaa nyumbani.

Ila taa zao ndo hizo hizo zitakuumiza macho. Usiku wa giza ziwa linajaa taa, karabai na hizi za sola, na ukizitazama dakika moja tu macho yanarudi nyuma kama vile ndo umetoka ndani sasa hivi. Kwa bahati nyota yenyewe iko kusini, kwahiyo ukiwa upande wetu wa ziwa unalipa ziwa mgongo na mambo yanaisha. Tatizo linalobaki ni mwanga wa mji. Usiende Kayenze kwa ajili ya nyota hii hata kama kuna giza zuri, kwa sababu ukitazama kusini jiji lote liko mbele yako. Afadhali uvuke, kwa kivuko cha Kamanga au daraja la Kigongo Busisi, uende vijiji vya Sengerema, au ushike barabara ya Magu mpaka taa za mji zibaki nyuma kulia. Ukerewe nako kunafaa, mwanga wa Mwanza unaonekana chini kusini lakini nyota iko juu zaidi ya hapo. Popote utakapoenda usikae kwenye matete wala ukingoni kabisa mwa maji, viboko hutoka usiku kula nyasi na mamba nao wapo, tafuta mwamba ulio juu au uwanja wa shule, nenda na mwenzako, mwambie na mwenyeji mmoja kwamba mpo hapo mnaangalia nyota ili msishtukiwe. Shati la mikono mirefu kwa ajili ya mbu.

Simu punguza mwanga mpaka mwisho, au funga nailoni nyekundu juu ya kioo. Kaa gizani dakika 20 mpaka 30 bila kuchungulia meseji, hili watu wanalidharau sana na ndo linaloamua kama utaiona au hutaiona.

Kuitafuta, simama utazame kusini. Kushoto kwako, juu kidogo, kuna nyota kali nyeupe, hiyo ni Canopus, ndo Suheli ya mabaharia wa pwani, ni ya pili kwa kung'aa katika nyota zote za usiku. Kulia, chini zaidi kidogo, kuna nyingine kali iko peke yake, hiyo ni Achernar. Vuta mstari kati yao kwa macho. Karibu katikati ya mstari huo, chini kidogo, utaikuta nyota ya kawaida tu inayoonekana vizuri, Alpha Reticuli. Nyoosha mkono, weka vidole viwili pembeni yake upande wa kushoto yaani kuelekea Canopus, pale vidole vinapoishia ndo R Doradus ilipo. Kuhakikisha, angalia juu yake moja kwa moja, nafasi ya vidole vinne au zaidi kidogo, kuna Alpha Doradus yenye mng'ao unaofanana na Alpha Reticuli. Hizo tatu zinatengeneza kona kama ya fremu ya mlango na R Doradus ndo imekaa pale konani. Apu ya ramani ya nyota inayoitwa Stellarium ni ya bure, ichezee nyumbani mchana mpaka umbo likukae kichwani, ukifika uwanjani usiwe unawashawasha simu.

Chini kushoto kwake kuna kitu kama kipande cha wingu kisichosogea. Siyo wingu, ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani. Ukiliona bila shida basi anga lako ni safi vya kutosha, usipoliona hamia sehemu yenye giza zaidi kwanza.

Pengine utatazama pale konani usione kitu. Mng'ao wa R Doradus unatembea kati ya 4.8 na 6.6, na kwenye hesabu hii namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu, jicho zuri gizani linaishia kwenye 6 hivi. Kwahiyo kuna miezi inaonekana na kuna miezi inazama chini ya uwezo wa macho. Jaribu kutotazama pale pale, tazama pembeni yake kidogo, sehemu ya jicho inayopokea mwanga hafifu haipo katikati. Ukiwa na binokula hata ndogo utaipata mwaka wote inapokuwa angani.

Rangi nayo usitegemee kuiona kwa macho matupu, jicho gizani halitofautishi rangi ya kitu hafifu, itakuja kijivu tu. Shika binokula, egemeza viwiko kwenye jiwe zitulie, kisha zungusha fokasi kidogo mpaka nyota itanuke iwe kaduara. Hapo rangi inatoka, chungwa iliyokolea kabisa, na ukihamia Canopus kwa haraka ukarudi, tofauti unaiona bila kuambiwa. Sehemu kubwa ya mwanga wake ni infraredi ambayo sisi hatuioni, macho yetu yangekuwa yanaona infraredi hii nyota ingekuwa kati ya zile zinazowaka kuliko karibu zote za usiku.

Kupanda na kushuka kwa mng'ao ndo kazi yenyewe ninayotaka uifanye. Nyota inatanuka na kusinyaa, mzunguko mmoja unachukua karibu siku 338, kisha kuna vipindi inabadilisha mwendo inaenda kama siku 175. Ikipoa, molekuli za titani oksaidi zinaongezeka kwenye hewa yake na kuziba mwanga tunaouona, ndo maana joto likibadilika kidogo tu mng'ao unashuka sana. Namna ya kuipima ni rahisi. Kulia kwa Alpha Reticuli, nafasi ya kidole kimoja, kuna nyota mbili zimekaribiana, Gamma na Delta Reticuli, zote zina mng'ao wa 4.5 hivi na zote nazo ni majitu mekundu, kwahiyo rangi haitakudanganya. Linganisha: R Doradus inakaribia hizo mbili, au ni hafifu kidogo, au hafifu sana? Andika tarehe, saa, hali ya anga, na kama ulitumia macho au binokula. Rudia kila baada ya wiki moja au mbili, siyo kila siku, haibadiliki haraka hivyo. Usiku wa ukungu au moshi acha, usiandike namba ya kukisia.

Ukishazoea tuma vipimo vyako AAVSO, chama cha Marekani kinachokusanya vipimo vya nyota zinazobadilika tangu 1911, unajiandikisha bure kwenye tovuti yao na wanapokea kutoka nchi yoyote. Wana pia ramani yenye namba za nyota za kulinganishia, tumia hiyo badala ya kukadiria mwenyewe. Nyota za kusini kabisa kama hii zina waangalizi wachache kuliko za kaskazini, kipimo cha kutoka Sengerema au Magu kinawafaa kweli.

Kwa vile mzunguko wa siku 338 ni mfupi kuliko mwaka kwa kama siku 27, kilele cha mng'ao kinawahi karibu mwezi mmoja kila mwaka, ikiwa nyota haijabadilisha mwendo. Mwaka huu iking'aa zaidi Februari, mwakani anza kuiangalia Januari mapema. Aprili itakuwa inazama mapema magharibi ya kusini na mvua juu yake, Mei mpaka Julai achana nayo. Agosti inarudi alfajiri upande wa kusini mashariki, na katikati ya Septemba, saa kumi na moja kamili kabla hakujapambazuka, iko karibu juu kabisa. Siku hiyo chukua daftari la Machi ulinganishe.