Mihogo Huko Inaitwa Mogo: Kula Nje London kwa Aliyetoka Tanga

Sanduku la binti wa kaka yangu liko wazi sebuleni tangu juzi, na kila nikipita naliona limezidi kunenepa. Mama yake keshatia unga wa sembe, dagaa, pilipili ya kusaga, bizari ya pilau, na kopo la samli lililofungwa nailoni tatu. Mwezi ujao binti anakwenda London kusoma, na wifi yangu ameamini kabisa kwamba mtoto atakwenda kufa njaa. Mimi naishi huko mwaka wa kumi na nne sasa, nimekuja Tanga kwa likizo, kwa hiyo jana alasiri nikaitwa kutoa hukumu.

"Shangazi, eti kweli kule hakuna chakula cha maana?"

Sikumjibu. Nikamshika mkono tukatoka, tukakata barabara mbili za Ngamiani mpaka kwa mama anayekaanga mihogo pale kona. Karai lilikuwa ndiyo kwanza limepamba moto. Akatuchagulia vipande vilivyopasuka katikati, vile vya unga vinavyovunjika vyenyewe, akavichana kwa kisu, akanyunyiza chumvi na kumwagia pilipili ya ukwaju. Tukala wima, vidole vinaungua. Nikamwambia, hii hii utaikuta Wembley, ila huko inaitwa mogo.

Alidhani namtania. Lakini ukishuka stesheni ya Wembley Central na kuifuata Ealing Road kuelekea Alperton, utaiona imeandikwa kwenye menyu za migahawa ya Wagujarati: mogo ya kukaanga, mogo ya pilipili na kitunguu saumu, mogo ya masala. Ni muhogo wetu uliopita kwenye ulimi wa Mhindi wa Afrika Mashariki. Wengine walianza kuhamia Uingereza kutoka Kenya miaka ya 1960, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, zaidi ya 27,000 waliishia Uingereza. Waliacha maduka na nyumba, mapishi wakaondoka nayo. Ndiyo maana kwenye menyu zile zile unaweza kukuta "mushkaki" na "kuku paka". Herufi zimepinda kidogo, lakini jiko ni lile lile la pwani.

Naanza na Wembley kwa sababu watu wetu wakifika London hupatwa na ugonjwa mmoja. Wanaogopa migahawa. Wanapika wali na maharage nyumbani siku tano, na siku mbili zilizobaki wanakula kuku wa kukaanga na chipsi kwenye kiduka cha chini ya ghorofa. Mimi niliishi hivyo mwaka mzima. Ukiwauliza, wanakwambia "chakula cha Kiasia sikiwezi," kana kwamba Asia ni kijiji kimoja chenye sufuria moja. Mtu aliyekulia Tanga, akala biriani ya harusi, bajia za jioni, kachori, achari ya embe na mkate wa kumimina, huyo hana ugeni na Asia. Ameila tangu hajaota meno. Kinachomshinda ni kusoma menyu.

Basi soma menyu kwa ulimi wako wa nyumbani.

Ukitamani wali wa nazi, tafuta mgahawa wa Kimalaysia na uagize nasi lemak. Mara ya kwanza nilipowekewa sahani ile nilicheka peke yangu: wali uliopikwa kwa tui, kando dagaa wadogo waliokaangwa wakawa wakavu, karanga, yai la kuchemsha, vipande vya tango, na rojo ya pilipili waiitayo sambal. Dagaa na wali wa nazi! Nimesafiri saa kumi angani kuja kula chakula cha Deep Sea ya kwetu Tanga. Tofauti iko kwenye sambal, ina utamu kidogo, na wali wao hutiwa majani ya rampe wakati wa kupika. Hapo hapo agiza roti canai, ambayo ni chapati ya kusukuma iliyorushwa hewani mpaka ikawa nyembamba kama kitambaa, inakuja na mchuzi wa dengu wa kuchovya.

Ukikumbuka chila na vitumbua, panda treni ya chini ya ardhi, njia ya Northern, ushuke Tooting. Huko kuna Watamil wengi wa Sri Lanka na watu wa kusini mwa India. Uliza "hopper". Unga wa mchele na tui la nazi huumuliwa, kisha humiminwa kwenye kikarai kidogo cha duara, mpishi anakizungusha mara moja ili unga upande kingoni, anafunika. Kinachotoka ni bakuli la kuliwa: ukingo mkavu unaokatika kama karatasi, katikati laini na unyevu, na ukitaka anakupasulia yai humo ndani. Pembeni huwekwa nazi iliyokunwa ikasagwa na pilipili nyekundu, ndimu na samaki mkavu. Hapo hapo utasikia kelele za vyuma viwili vikigongana juu ya bamba la moto, ka-ka-ka-ka. Hiyo ni kottu, chapati zilizokatwakatwa na kuchanganywa na mboga, yai na nyama. Inashibisha kupita kiasi, sahani moja mle wawili.

Mtu wa supu ya asubuhi na aende Kingsland Road, Hackney, kwa Wavietnam. Wengi wao walifika kama wakimbizi baada ya vita kumalizika mwaka 1975. Supu yao, pho, ni mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa kwa saa nyingi pamoja na mdalasini na viungo vingine, ikamwagwa juu ya tambi za mchele. Unaongeza mwenyewe ndimu, pilipili na majani mabichi. Sisi tungeweka chapati, wao wameweka tambi. Vietnam, Thailand na jirani zao hupika kwa mchaichai pia, ule ule unaoota nyuma ya nyumba na sisi tunautia kwenye chai. Mchuzi wa kijani wa Kithai ni tui, mchaichai na pilipili mbichi, na mgeni wa pwani huupenda siku ya kwanza.

Na pilau? Waulize Wauighur, Waislamu wa magharibi mwa China. Wanapika polo: mchele, nyama ya kondoo na karoti za njano, mafuta yanang'aa. Wana pia laghman, tambi ndefu zinazovutwa kwa mkono. Migahawa yao haijawa mingi, lakini miji mikubwa ya Ulaya sasa inayo, na kwa Mwislamu anayetaka kula chakula cha Kichina bila wasiwasi, mimi ningemwelekeza huko kwanza.

Hapa nisimame, maana jambo la halali ndilo linalowatesa wengi, na mimi lilinipata. Mwaka wangu wa pili nilikwenda na wenzangu wa kazini kula tambi za Kijapani. Nikamuuliza mhudumu kama bakuli langu lina nguruwe, akasema hapana, kuna kuku juu. Nikala, nikasifu. Baadaye mwenzangu mmoja ananieleza kwa furaha jinsi supu ile inavyochemshwa kwa mifupa ya nguruwe tangu usiku. Mhudumu hakusema uongo kwa akili yake, niliuliza nyama na yeye akajibu nyama. Kwa hiyo usiulize "kuna nguruwe?" ukaridhika. Uliza mambo matatu: supu imechemshwa kwa mifupa gani, mafuta ya kukaangia ni ya nini, na je, kuna mvinyo wa kupikia. Ukiona neno tonkotsu ujue ni kitimoto. Char siu ni kitimoto. Samgyeopsal ya Wakorea ni kitimoto. Mirin ni mvinyo wa mchele, na hata kwenye sahani ya mboga tupu unaweza kuukuta.

Kwa migahawa inayosema ni halali, tazama cheti ukutani. Nembo mbili utakazozikuta sana ni za HMC na HFA, mashirika ya Uingereza yanayothibitisha halali. HMC haikubali mnyama kuzimishwa fahamu kabla ya kuchinjwa, HFA inakubali kwa masharti. Chagua kwa dini yako mwenyewe, mimi si shehe. Migahawa ya Wagujarati kule Wembley mingi haina nyama kabisa, na kwa siku ambazo huna nguvu za kuhoji watu, hilo ni pumziko. Drummond Street, nyuma ya stesheni ya Euston, nako kuna migahawa ya mboga ya Kihindi ya siku nyingi. Ukisubiri treni huna haja ya kununua mkate mkavu wa stesheni.

Sasa, utajuaje mgahawa mzuri? Binti aliniambia atatazama nyota kwenye simu. Sawa, tazama, lakini soma maoni ya wenye hasira na uangalie picha walizopiga wateja, siyo za mwenye duka. Kisha chungulia dirishani. Nani anakula? Kama ni mabibi wa Kitamil na wajukuu zao, ingia. Menyu ya kurasa ishirini yenye sushi, biriani na piza, pita. Na pale mtu anaposimama mlangoni akikuita kwa punguzo, kaza mwendo. Mimi niliwahi kuingia kwa mwito wa namna hiyo kwenye mtaa mmoja maarufu: nikaahidiwa robo ya bei inaondoka, bili ilipokuja ikawa imeongezwa wali, maji na vipapadi ambavyo nilidhani ni vya kukaribishwa. Mwenye chakula kizuri hana muda wa kusimama mlangoni.

Toka katikati ya mji. Soho ni pa kutembeza wageni. Nenda pembezoni: New Malden kwa Wakorea, Southall kwa Wapunjabi, ambako hata jina la stesheni limeandikwa kwa maandishi yao. Kwa basi ni nafuu zaidi, kwani nauli moja London inakuruhusu kubadilisha mabasi ndani ya saa moja bila kulipa tena. Nenda mchana, siyo usiku. Chakula kile kile, mpishi yule yule, lakini mchana mara nyingi kuna sahani maalumu ya bei ndogo.

Kwenye mlango au dirisha utaona kibandiko cha kijani na nyeusi chenye namba kuanzia 0 hadi 5. Hiyo ni alama ya usafi, 5 ndiyo ya juu. Wales na Ireland Kaskazini mwenye mgahawa analazimika kukibandika, England halazimiki, kwa hiyo mlango mtupu wa London unakwambia kitu. Ukitaka, alama ya kila mgahawa iko kwenye tovuti ya shirika la serikali la viwango vya chakula, FSA.

Bili ikija, isome. Migahawa mingi ya London huongeza asilimia 12.5 ya huduma, na mara nyingi si lazima; huduma ikiwa mbovu una haki ya kuomba iondolewe, kwa sauti ya kawaida, bila ugomvi. Tangu Oktoba 2024 sheria inataka fedha hizo ziende zote kwa wafanyakazi, kwa hiyo nikihudumiwa vizuri mimi huziacha. Maji ya bomba ni bure mahali popote pa England penye leseni ya kuuza pombe, ukiyaomba. Usiposema "ya bomba" utaletewa chupa. Sisi watu wa Tanga tuna haya ya kuuliza bei mbele za watu. Haya hiyo iache huku huku.

Adabu za mezani ni kidogo tu. Vijiti usivisimamishe wima kwenye wali, kwa Wachina na Wajapani hiyo ni ishara ya msiba. Visipokukubali omba kijiko, hakuna atakayekushangaa; Wathai wenyewe hula kwa kijiko na uma. Kwa Wakorea, vibakuli vya kachumbari na kabichi chachu vinavyoletwa mwanzo kwa kawaida havina bei, vikiisha huongezwa. Kwa Watamil kula kwa mkono. Hapo utakuwa mwalimu.

Tuliporudi nyumbani magharibi ilikuwa inakaribia. Wifi alikuwa bado anapanga. Nikamwambia unga uondoke, utauziwa Tooting, na samli hiyo hata uwanja wa ndege haitapita, maana Uingereza hairuhusu abiria kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka huku. Akanitazama kwa muda mrefu. Samli ya mama yake, ya Muheza, ameipika mwenyewe.

"Ealing Road zipo samli za kila namna, wifi."

"Za Wahindi."

"Za Wahindi."

Akalitoa kopo, akaliweka juu ya kabati bila kusema neno. Asubuhi nilipokwenda kupima sanduku kwa mzani, unga haukuwemo. Mahali pake palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, ubao na chuma chake, imezungushiwa kanga mbili.