Bata na kuku banda moja inawezekana, ila maji yatoe nje kwanza

Mtu ana banda la kuku tayari, anataka kuongeza bata wachache, anauliza je wataelewana au watauana? Wataelewana. Siku za mwanzo watachapana kidogo, watapangana nani mkubwa nani mdogo, yameisha. Kinachoharibu banda la mchanganyiko sio ugomvi, ni maji. Ukiweka chombo cha maji ndani, bata anakichezea usiku kucha na asubuhi unakuta matandiko yameloa chapachapa, na kuku na unyevu havipatani kabisa, siku mbili tatu unaanza kusikia ile harufu ya amonia inachoma macho, kuku wanakoroma, vifaranga wanahara damu, halafu mtu anasema bata wana mikosi. Hana mkosi wowote, wewe ndo umemwekea maji pasipo mahali pake.

Kwa hiyo mimi nashikilia hivi: banda ni la kulala na kutaga tu. Maji nje, chakula nje. Bata wazima wakilala bila maji hawafi, mradi na chakula nacho kisiwepo, na hapo ndo wengi wanajichanganya, wanatoa maji wanaacha chakula. Bata anakula huku anashushia, kila akimeza mara mbili tatu anakimbilia maji, akila kikavu bila maji anaweza kukabwa. Toa vyote au acha vyote, hakuna katikati. Vifaranga ni habari nyingine, hao maji wawe nayo muda wote.

Huko nje bwawa sio lazima jamani, msitishwe. Unachohitaji ni karai au beseni lenye kina cha bata kuzamisha kichwa kizima, kwa sababu anaosha pua na macho humo, akinyimwa hiyo nafasi macho yanaanza kujaa uchafu na kuvimba. Liweke mwisho kabisa wa uwanja, mbali na mlango wa banda, juu ya changarawe au fremu ya mbao yenye waya juu ili yanayomwagika yazame chini badala ya kugeuka tope. Ndani ya beseni weka tofali, maana kuku akitumbukia hawezi kutoka mwenyewe kama kuta zinateleza, atakufa maji mchana kweupe. Kuku wape drinka yao pembeni, ikiwezekana ile ya chuchu inayotoa tone moja moja, kwa sababu maji ya bata ndani ya nusu saa yanakuwa kama uji. Badilisha kila siku na yale machafu mwagia miti, ni mbolea nzuri sana.

Sasa banda lenyewe. Hesabu ya chini ninayoshauri ni mita moja ya mraba kwa kuku watatu, kwa bata mita hiyo hiyo ni ya wawili, na uwanja wa nje usipungue mita moja na nusu kwa kila ndege, ukizidisha ndo vizuri. Kuku wanalala juu kwenye fito, bata wanalala chini. Usije ukawapangia bata sehemu iliyo chini ya fito, watanyewa mgongoni usiku mzima. Watengee kona yao, izungushie ubao wa urefu wa magoti, jaza maranda makavu kama sentimita 10, bata wengi wazito hawauruki ule ubao na kuku wanaupita bila shida. (Muscovy, wale wenye nyama nyekundu usoni, hao wanaruka na wanapenda kulala juu, kwa hiyo usishangae ukimkuta amekaa kwenye fito katikati ya matetea.) Faida ya ile kona utaiona asubuhi: bata hutaga alfajiri, na ukiwafungulia mapema wanatupa mayai popote, kwenye tope, hata ndani ya maji. Kuku waachie kukipambazuka, bata waache kwenye kona yao hadi kama saa mbili hivi ndo uwafungulie. Masanduku ya kutagia ya juu ni ya kuku, bata wa kawaida hawezi kupanda, ye anachimba kishimo kwenye maranda na kutaga hapo.

Matundu ya hewa yawe juu karibu na paa, mapana, sio usawa wa ndege waliolala. Watu wanaziba kila tundu wakiogopa baridi, kumbe unyevu uliofungiwa ndani ndo unaoumiza zaidi ya baridi lenyewe. Njia ya kuingilia iwe ya mteremko mdogo na pana kidogo, bata hana habari ya ngazi, na wakitoka wanatoka wote kwa mkupuo. Jioni kuku ataingia mwenyewe jua likizama kwa sababu gizani haoni. Bata anaona vizuri tu, bado anatafuta konokono. Huyo lazima umrudishe, shika fimbo mbili ndefu kama umenyoosha mikono, tembea taratibu nyuma yao, wanakwenda kwa kundi, ukiwakimbiza wanatawanyika na utalala saa sita. Fanya muda ule ule kila jioni watazoea. Na mlango ufungwe kweli kweli, waya uwe wa matundu madogo, kwa sababu bata anayelala chini ndo anayeliwa wa kwanza.

Madume

Hapa naomba usome vizuri. Jogoo hana uume, yeye na tetea wanagusanisha tundu tu. Bata dume anao, na akimpanda tetea anaweza kumjeruhi ndani vibaya, kuna wanaokufa. Sio kwamba kila dume atafanya hivyo, mwenye majike wa kumtosha mara nyingi hana habari na kuku. Shida inakuja pale mtu ana bata dume mmoja peke yake na kuku kumi, au madume matatu kwa majike wawili, au dume aliyelelewa na vifaranga vya kuku tangu mdogo na anaamini kuku ndo wenzake. Kwa dume mmoja weka majike 4 hadi 6. Kwa jogoo mmoja matetea 8 hadi 10. Na kama unachotaka ni mayai ya kula tu, usifuge dume hata mmoja, jike anataga bila yeye.

Kumjua dume: jike ndo mwenye kelele, dume sauti yake inakwaruza kama amekaukwa sauti, na akikomaa anapata manyoya mawili matatu yaliyojikunja juu ya mkia. Muscovy hana hayo ya mkia, ila dume lake ni kubwa karibu mara mbili ya jike, huwezi kukosea. Ukiona tetea kisogo kimenyonyoka, anashinda juu ya fito hataki kushuka, tenga dume leo hii, usisubiri wikendi.

Chakula wazima wanaweza kushea. Usitumie chakula cha kuku wa mayai kwa wote kama una madume au vifaranga humo, madini ya chokaa ni mengi mno na yanaumiza figo za wasiotaga. Njia rahisi ni chakula cha kukuzia kwa kila mtu, halafu chombo pembeni chenye maganda ya chaza au ya mayai yaliyosagwa, anayetaga atajichukulia mwenyewe. Unga mkavu unamganda bata mdomoni, bora cha punje, au loweka kidogo kwa kuliwa muda huo huo. Na tafadhali, nafaka zilizoota ukungu usiseme "hizi nitawapa bata", bata ni katika ndege wanaodhurika haraka sana na sumukuvu, hasa wadogo.

Vifaranga usiwachanganye. Wa bata wanamwaga maji mpaka wa kuku wanalowa na kufa kwa baridi, halafu wanakua haraka wanawakanyaga wenzao. Pia wa bata wanahitaji niasini (vitamini B3) nyingi kuliko wa kuku, kama miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula, ikipungua miguu inapinda na hawasimami. Wachanganyie hamira ya bia ya unga kwenye chakula. Chagua chakula kisichotiwa dawa ya koksidia (ule ugonjwa wa kuhara damu), kile kimepimwa kwa kifaranga cha kuku na wa bata anakula zaidi. Kama unamtumia tetea kuatamia, mayai ya kuku ni siku 21, bata 28, Muscovy 35, kwa hiyo ya bata yatangulie au umpe ya aina moja. Atawalea vizuri tu, ila siku wakiingia majini mama atapiga kelele mtaa mzima usikie.

Kuhusu magonjwa, kuku chanja kideri kama kawaida, na usidanganyike kwamba bata mzima wa afya hana kitu. Anaweza kubeba kideri au mafua ya ndege bila dalili yoyote na kuku wakafa, ndo maana usiwaachie kuoga sehemu moja na bata wa porini. Ndege mgeni akae peke yake wiki 3 hadi 4, halafu waonane kupitia waya siku kadhaa ndo uwachanganye. Ukimkamata bata usimshike miguu kama kuku, inavunjika au kuteguka kirahisi, mkumbatie mabawa yakiwa yamebanwa.

Mayai ya bata yatatoka machafu, zoea. Yenye uchafu kidogo futa kwa kitambaa kikavu uyahifadhi, yale ya tope osha kwa maji ya uvuguvugu yaliyo na joto kuliko yai lenyewe, sababu maji ya baridi yanafanya yai livute uchafu kupitia ganda, na hayo uliyoosha ndo uanze kuyala.