Unakwenda Minnesota? Jifunze kwanza kulingoja ziwa ligande

Kila mwaka kuanzia mwezi wa nane, vijana wanaokwenda kusoma Marekani hupita hapa kwangu Sinza kuuliza habari za makoti. Makoti ni rahisi: nenda mitumba ya Karume, chagua zito, kagua zipu. Viatu kanunue hukohuko. Ninalotaka mkae mlisikilize ni ziwa.

Nilisoma Minneapolis, mji wa jimbo hilo la Minnesota, wenye maziwa katikati ya mitaa. Baridi ikikolea wenyeji hutembea juu yake na kuweka vibanda vya kuvulia samaki. Mtoto wa Dar akiyaona hayo anataka picha ya kutuma nyumbani kabla ya Krismasi, wakati huku watu wanajipepea kwa magazeti. Mdogo wangu, picha itangoja.

Kwanza elewa unangoja nini. Maji ya ziwa huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4 za Selsiasi. Ya juu yakipoa kufika hapo huzama, ya chini yenye joto hupanda, nayo hupoa kwa zamu yake. Mpaka ziwa zima likaribie nyuzi 4, ndipo ya juu hubaki juu, yashuke hadi sifuri na kuganda. Ndiyo maana unaweza kutetemeka wiki kadhaa ukingoni na ziwa bado linapiga mawimbi. Lake of the Isles, lenye kina kifupi, hutangulia. Jirani yake Bde Maka Ska, lenye kina kirefu, huchelewa.

Simu isikuchanganye: kule wanahesabu kwa Fahrenheit. Ikiandika 20, hiyo ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Lakini zaidi ya simu, fuatilia upepo. Usiku usio na upepo wala mawingu ndio unaoleta ngozi ya kwanza, nyembamba kama utando juu ya chai ya maziwa. Kesho yake upepo ukivuma, unaivunja yote na mnaanza upya. Hilo linaweza kutokea zaidi ya mara moja.

Ikishika, usiombe theluji. Wageni wengi hudhani theluji inaongeza baridi kwenye barafu. Kumbe inaifunika kama blanketi, baridi ya juu isiifikie, na unene unaongezeka polepole. Tena theluji iliyolowa na kuganda hufanya barafu nyeupe, ambayo nguvu yake ni kama nusu ya ile angavu.

Sasa vipimo, na hapa sitaki ubishi. Barafu mpya, angavu, inchi 4 (sentimita 10): mtu kwa miguu. Inchi 5 hadi 7: pikipiki ya theluji. Inchi 9 au 10: gari dogo, ingawa mimi gari langu ningeliacha barabarani. Ikiwa nyeupe, zidisha mara mbili. Chini ya inchi 4, baki ukingoni.

Kupima, wenyeji hutumia mtaimbo: unagonga mbele yako kabla ya kila hatua chache, kisha unatoboa kwa drili na kuingiza rula. Pima tena na tena, maana inchi 5 hapa haziahidi kitu hatua ishirini mbele. Penye mkondo, chemchemi au daraja barafu huwa nyembamba. Mfereji unaounganisha yale maziwa mawili niliyoyataja unapita chini ya madaraja, na hapo sikanyagi. Nyayo za mtu mwingine si kipimo. Ukisikia mvumo mzito chini ya miguu, mara nyingi ni barafu inayotanuka au kusinyaa kwa mabadiliko ya joto. Simama, pima, usikimbie.

Usiende peke yako. Vaa jaketi la kuokolea, na ning'iniza shingoni vishikio viwili vyenye misumari. Ukitumbukia, pumzi zitakupaa: dakika ya kwanza kazi yako ni kuzituliza tu. Baada ya hapo una kama dakika kumi za mikono kukutii. Geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikubeba. Choma misumari, piga miguu kama unaogelea, jivute kifudifudi. Ukishatoka usisimame, bingirika mpaka penye barafu nene. Mwenzako asikukimbilie, akutupie kamba na apige 911.

Na mwezi wa tatu sheria hizi zinakwisha. Jua likipanda barafu huoza kwa ndani, ikagawanyika kuwa vijiti vilivyosimama wima; utapima inchi nyingi na bado ikukatikie. Wavuvi wengine utawaona bado wamo. Wewe zunguka kwenye njia ya waenda kwa miguu, na picha piga ukiwa ukingoni.