Kubadili prosesa ya AM4 kwa gemu na video, ubao mama ukibaki uleule

Mwongozo huu ni wa mwenye kompyuta ya mezani yenye soketi ya AM4 (tundu la prosesa za AMD Ryzen), tuseme Ryzen 5 2600 kwenye ubao mama wa B450, ambaye mchana anahariri video za harusi na usiku anacheza gemu.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni prosesa. Fungua gemu, shusha mwonekano hadi 720p. Fremu kwa sekunde zikipanda sana, kadi ya picha ndiyo iliyolemewa, hela ipeleke huko. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayokwamisha. Kwa video, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua Task Manager wakati wa kutoa video iliyohaririwa: viini vyote vikiwa asilimia 100, viini zaidi vitasaidia. Kama RAM ni GB 8 na imejaa, anza na RAM.

Hatua ya 2: Ujue ubao wako. Kitufe cha Windows na R, andika msinfo32. Nakili jina la ubao na toleo la BIOS (programu ya ubao inayowasha kompyuta), kisha soma orodha ya prosesa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Isiyokuwemo usiinunue, hata muuzaji aape.

Hatua ya 3: Chagua. Gemu tupu: Ryzen 7 5700X3D. Ina keshi (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96, mara tatu ya 5700X, na hiyo ndiyo inayoinua fremu. Kwenye video haileti tofauti kubwa, tena kasi yake inaishia GHz 4.1 wakati 5700X inafika 4.6. Video kwanza: 5900X, viini 12, lakini wati 105 si mzigo wa kuubebesha ubao wa A320 wa bei ya chini. Mwenye kuchanganya achukue 5700X: viini 8, wati 65, na kwa joto la Tanga la Februari wati hizo 40 zina maana. Feni haimo kwenye boksi lake. Mfuko ukibana, 5600 huja na feni.

Mzigo ukitoka Kariakoo kwa basi, sisitiza kasha gumu la plastiki. Pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe, na hupinda kirahisi.

Hatua ya 4: Sasisha BIOS kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Ukitanguliza mpya, huenda kompyuta isiwake kabisa. Weka faili ya BIOS mpya kwenye fleshi iliyofomatiwa kwa FAT32, na uchomeke kompyuta kwenye UPS: umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kufa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (ufungaji wa siri wa Windows), simamisha BitLocker na uhifadhi ufunguo wake, maana prosesa mpya hufuta siri za fTPM (hifadhi ya funguo iliyomo kwenye prosesa) na Windows itaudai.

Hatua ya 5: Kung'oa. Hapa ndipo wengi huharibu. Tumikisha kompyuta dakika 10 ili pesti ya kupitisha joto ilainike, zima, chomoa waya. Zungusha kipoza joto kidogo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Ukikivuta moja kwa moja hutoka na prosesa, pini zikalala. Safisha pesti ya zamani kwa spiriti, acha ikauke. Linganisha pembetatu ya dhahabu na ya soketi, prosesa iingie kwa uzito wake bila kusukumwa. Pesti kiasi cha punje ya mbaazi; skrubu kaza kimshazari.

Hatua ya 6. Rudisha XMP (mpangilio wa BIOS wa kasi kamili ya RAM), kwani BIOS mpya huizima na RAM hupungua kasi. Kisha toa video ya dakika 20 ukiangalia joto: ikikaribia digrii 90, fungua tena, pesti au skrubu haikukaa sawa.