Maharusi wawili na upepo wa kusini: kupiga picha za harusi ya watu watano ufukweni

Mimi ni mpiga picha wa Dodoma. Harusi ninazozijua ni za ukumbini: kamati, keki ya ngazi tano, MC anayepasua spika, na mashangazi wanaojipanga mbele ya lenzi na simu zao pete ikivishwa. Desemba moja rafiki yangu niliyesoma naye, anayefanya kazi hii Cape Town, akanipigia. Msaidizi wake kaumwa, ningeweza kwenda? Harusi ni ya wanawake wawili, ufukwe wa Llandudno, mgeni hata mmoja hakuna.

Kule Afrika Kusini ndoa ya jinsia moja ni halali tangu Novemba 2006. Kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ya mwanamume na mwanamke tu, na Kanuni ya Adhabu inaweza kumfunga mtu hata maisha kwa kujamiiana "kinyume cha maumbile". Kwa hiyo haya ni maelekezo ya kazi ya kule, kwa mpiga picha wa huku atakayeitwa kama nilivyoitwa mimi.

Kwanza, beba pasipoti mfukoni. Sheria yao inataka mashahidi wawili, na maharusi waliokuja peke yao hawana wa kumwita. Mashahidi tulikuwa mimi na rafiki yangu. Kusaini kulifanyika ndani ya nyumba waliyopanga, milango wazi, kama inavyotakiwa, ndipo tukateremka ufukweni na ofisa wa ndoa kwa ajili ya viapo. Pale mezani piga mapema, maana ukishika kalamu kusaini huwezi kushika kamera. Mimi nilisahau, na picha ya sahihi yangu haipo.

Fanya mazoezi kabla hujasafiri. Dodoma hatuna bahari, lakini tuna Hombolo. Nilimchukua mdogo wangu na shuka jeupe, tukaenda bwawani jioni mbili. Mwanga unaorudi kutoka majini hudanganya kamera: uso unatoka mweusi au nguo inapotea. Nilichojifunza ni kupima mwanga kwenye nguo, siyo usoni, kisha kuuinua uso wakati wa kuhariri. Hapo niliogopa shela moja. Kule zilikuwa gauni mbili nyeupe, na nyuma yake mawe makubwa ya matale kama ya milima yetu. Nusura nijione niko Dodoma, hadi wimbi liliponilowesha viatu.

Saa nazo zinachanganya. Huku jua linazama mwaka mzima kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni, na giza halichelewi. Cape Town mwezi Desemba linazama karibu na saa 2 usiku, na mwanga mzuri unabaki kitambo baada ya hapo. Siku ya kwanza nilikuwa nahangaika kama mtu anayekimbiza basi la mwisho. Rafiki yangu akaniambia, "Dada, kaa chini unywe maji."

Sasa pozi, na hapa ndipo nilipoumbuka. Sisi tuna kanuni tuliyoikariri: bwana asimame nyuma, bibi aweke mkono kifuani, atazame juu. Nikapaza sauti kushinda upepo, "Bibi harusi, sogea kushoto!" Wakasogea wote wawili. Nikasema tena, "Hapana, yule mwingine." Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka mmoja akakaa mchangani na gauni lake. Kwa bahati kidole kilikuwa kwenye kitufe, na hiyo ndiyo picha waliyoiweka ukutani.

Basi, waite kwa majina, na usijaribu kumfanya mmoja wao awe "bwana". Usiwaulize pia nani ni nani. Angalia wenyewe wanavyotembea: nani anamshika mwenzake mkono kwanza, nani anamlegezea bega. Hawa, mrefu ndiye aliyekuwa anajilaza kwa mfupi, kinyume cha kila pozi ninalolijua. Badala ya kuwapanga, wape kazi. Mwambie mmoja amfungulie mwenzake viatu, au wagawane koti moja. Kisha rudi nyuma hatua kumi na tano na lenzi ya milimita 85, unyamaze. Harusi ya ukumbini hata ukikohoa hakuna anayekusikia. Pale kati ya watu watano wewe ni mkubwa kama spika. Wakati wa viapo nilipiga picha nane tu, nikashusha kamera.

Mmoja alikuwa na ngozi nyeusi kama yangu, mwingine mweupe sana. Mweke mwenye ngozi nyeusi upande unaotoka jua. Na nyuso zisipokuwa mstari mmoja, usifungue tundu la lenzi hadi f/1.8 kwa kupenda mandharinyuma laini, utapata jicho moja zuri na mke mmoja wa ukungu. Mimi nilikaa f/4, tundu dogo zaidi, na kasi ya shata 1/800 ya sekunde kwa sababu ya mashela yaliyopeperuka.

Upepo wa kusini-mashariki miezi hiyo hauna adabu. Usibadilishe lenzi ufukweni kabisa. Beba kamera mbili, au chagua moja uivumilie. Maji nayo, msidanganyike na rangi yake. Ni baridi ya kuuma mifupa, kwa hiyo picha za miguu majini ziwe za mwisho, na taulo liwe karibu.

Kuhusu faili, tuliandikiana na maharusi kabla. Sichapishi picha hata moja, hata ya mikono. Simu yangu niliizima isipeleke picha mtandaoni yenyewe, na eneo la GPS nililizima kwenye kamera. Usiku uleule tulinakili kazi kwenye diski mbili, zote zikabaki kwao. Nikafuta kadi mbele yao, nikapanda ndege na kadi tupu. Wao wako huru kwao. Mimi ndiye niliyekuwa narudi nyumbani.

Kamera ifute kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, halafu kikavu, na pete ya lenzi uipitie kwa brashi laini kabla hujaizungusha. Ya kwangu sikuifanyia hivyo mapema, ikaanza kusaga. Nikaipeleka kwa fundi wa kamera, mtaa wa Majengo. Akaifungua, akamimina mchanga mweupe kiganjani, akautazama.

"Dada, huu umeutoa wapi?"

Nikamwambia Hombolo.